Mwamuzi wa Mipira Tisa

Jumamosi, 8 Juni

Nimekubali kuwa mwamuzi wa pool, mimi ambaye sijawahi kushika fimbo ya pool.

Joakim alikuja dukani mapema, ukungu bado umelala barabarani na wateja wangu wa saruji na mabati hawajaanza kushuka kutoka vijijini. Yeye ndiye mwenye meza za pool hapa Mbinga, Kitai na Maguu, na ndiye aliyeanzisha mashindano ya mipira tisa. Mwaka jana fainali iliishia kwa ngumi. Mchezaji mmoja alipigwa fimbo ya shavu, afisa michezo akapiga marufuku, na tangu hapo Joakim amekuwa akimfuata ofisini, kanisani, hata shambani kwake. Sasa afisa amelegeza, lakini kwa masharti. Mashindano yafanyike kumbini na mchana, si baa. Aliyelewa asiingie. Mwamuzi awe mtu asiyecheza, asiyekunywa, asiye na ndugu yeyote kati ya wachezaji. Ukitokea ugomvi mmoja tu, hakutakuwa na mashindano tena.

Joakim aliniambia kwamba alipowauliza wachezaji, jina langu lilitajwa na wengi. Wanakumbuka nilivyomtoa uwanjani mke wa diwani. Ni kweli. Nilichezesha mpira wa pete miaka mingi, na mke wa diwani alikuwa anasukuma.

Mume wangu Ilyasi alicheka hadi akaweka kikombe chini, kisha akasema hamjui mtu mwingine anayefaa zaidi. Mama hakucheka. Aliuliza kama wanaume wa Mbinga wamekwisha.

Jumatano, 12 Juni

Nimekuwa nikienda kwa Joakim mchana, nikimwachia duka binti yangu Nasma. Joakim anacheza, mimi natazama na kuuliza. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mezani kuna mipira tisa yenye namba, na mmoja mweupe ambao ndio unaopigwa kwa fimbo. Mweupe lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki. Atakayeutumbukiza wa tisa kwa njia halali ameshinda gemu, hata kama mingine bado iko mezani. Ukifanya faulo, mwenzako anauchukua mweupe kwa mkono na kuuweka anapopenda. Ukifanya faulo tatu mfululizo, gemu imekwenda, mradi mwamuzi amekuonya baada ya ile ya pili.

Yaliyonishika zaidi ni ya mwenendo. Kaa kitini mwenzako anapocheza. Usisimame nyuma ya tundu analolenga. Usipokee ushauri wa mtu. Ukigusa mpira kwa bahati mbaya, sema mwenyewe. Na moja lilinifanya nimwombe Joakim arudie. Fimbo nzuri huwa na vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu katikati. Mchezaji akiifungua fimbo yake wakati mwenzake bado yuko mezani katika gemu ya mwisho, amekiri kushindwa. Nilisema hiyo ni kali. Joakim alijibu kwamba ni kama kusimama na kuaga. Huwezi kuaga halafu ukarudi kumalizia chakula.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya kwanza imepita, na nimeimudu.

Kabla mpira wa kwanza haujapigwa, niliwakusanya wachezaji wote katikati ya ukumbi nikawasomea kanuni moja baada ya nyingine, hadi hiyo ya kufungua fimbo. Niliwauliza kama kuna asiyeelewa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikawaambia, basi kuanzia sasa sitasikiliza mtu anayesema hakujua. Joakim akatangaza zawadi. Meza mpya kabisa, yenye jiwe chini ya kitambaa, itakwenda kukaa katika mji wa mshindi. Watu wa Mbamba Bay walitazamana. Wao wana meza moja tu, nayo imepinda kwa unyevu wa ziwa, na mpira ukiachwa katikati unatembea wenyewe.

Nimekwisha kuwaona wawili wa kuangalia. Wa kwanza ni Tarsisi wa Maguu, mkulima wa kahawa, mtu wa makamo. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa na mikono magotini, na anapocheza huwezi kusikia hata kiatu chake. Nilimpenda papo hapo. Wa pili ni Fakihi, mfanyabiashara wa usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay. Aliingia anaongea na akatoka anaongea. Mwenzake alipoinama kupiga, yeye alikuwa kitini anachezesha funguo za gari mfukoni. Nilimwonya. Akaniita dada, akasema funguo zinajipiga zenyewe. Zilipojipiga tena nikampa faulo. Alisimama, akanitazama kama anayepima kitambaa, akaziweka funguo mezani kwangu, akarudi kukaa.

Huyo ndiye atakayenipa kazi mwaka huu.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Pilau, wageni, watoto. Hakuna aliyetaja pool mbele ya Mama, na Mama alikuwa ameshawaambia wasitaje.

Jumamosi, 29 Juni

Kitai. Vumbi la magari ya Songea limeingia hadi mezani, ikabidi kitambaa kipigwe brashi kila baada ya gemu.

Fakihi alichelewa. Kanuni inampa mchezaji robo saa, baada ya hapo mchezo unakuwa wa mpinzani. Nilisubiri hiyo robo saa kwa uaminifu, nikatangaza. Akafika muda si mrefu baadaye, shati limelowa, mikono inanuka samaki. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye kona za mteremko. Aliongea sana. Alisema barabara haina saa, alisema ziwa haliko Kitai, alisema mimi ninaishi jirani na ukumbi kila mahali ninapokwenda. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia matokeo hayabadiliki. Nilitegemea aondoke akipiga mlango. Badala yake alivuta kiti, akakaa kutazama michezo yote iliyobaki, na jioni nilimwona anawasaidia vijana wa Joakim kupanga viti. Kimyakimya pia, jambo ambalo sikujua analiweza.

Kwa kuwa kila mmoja anakutana na kila mmoja kabla ya nusu fainali, bado ana nafasi.

Alhamisi, 4 Julai

Baridi kali. Nimeuza mablanketi mengi kuliko misumari, na mablanketi si biashara yangu. Niliyaleta kwa kujaribu tu.

Jumamosi, 13 Julai

Maguu. Nina mengi ya kuandika, na nayaandika nikiwa bado nasubiri Ilyasi aje na lori kunichukua.

Kahawa imeiva kote mlimani. Tulipita katikati ya vichanja vilivyojaa buni, wanawake wanageuzageuza kwa mikono, harufu ya maganda imetanda hadi kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa. Tarsisi ni wao, na walikuja na mavazi ya Jumapili.

Alikuwa anacheza na Kilian wa Kitura, kijana mkulima anayejifunza haraka. Kilian akawa anaongoza, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hapo ndipo mazungumzo ya kahawa yalipoanza. Kaka yake Tarsisi, Baltazar, alikuwa amekaa mstari wa mbele, akamwambia jirani yake kwa Kimatengo, kwa sauti ya mtu aliyechoka na shamba, kwamba ni vizuri kugeuza buni kutoka upande wa chini. Tarsisi, aliyekuwa ameshainama, akainuka, akazunguka meza, akapiga kutoka upande wa chini. Mpira ukaingia. Nilifikiri ni bahati tu. Baadaye Baltazar akasema buni ya pembeni isiguswe kwanza, na Tarsisi akaiacha pembe akaenda katikati. Mimi bado nilikuwa najiambia, Hasna, hawa ni wakulima, waongee nini kama si kahawa.

Kisha Baltazar akasema wafunike buni, mvua inakuja. Tarsisi akaacha kulenga tundu, akaupeleka mweupe taratibu nyuma ya mpira wa saba ambako Kilian asingeweza kuuona mpira aliotakiwa kuugusa kwanza.

Mvua gani Maguu mwezi wa saba?

Watu wengi hufikiri sijui Kimatengo kwa sababu ya jina langu na kwa sababu baba yangu alikuja hapa na mizigo ya nguo kutoka pwani. Hawajui kwamba nililelewa mgongoni mwa jirani yetu Mama Restituta wakati Mama yuko dukani, na kwamba mpaka nilipoanza shule nilikuwa naota kwa Kimatengo. Nilisimamisha mchezo. Nilimwonya Tarsisi kwamba anapokea ushauri, na kwamba ikitokea tena itakuwa faulo. Baltazar akasema kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kwamba wao wanazungumzia kahawa yao. Nikamjibu kwa Kimatengo kwamba kahawa ya leo imegeuzwa vya kutosha, aiache ikauke.

Ukumbi wote ukacheka, na walicheka zaidi wanawake waliokuwa nyuma. Baltazar hakucheka. Gemu iliyofuata akathubutu tena, safari hii akikohoa, na Tarsisi akabadilisha tundu. Nikatoa faulo, nikampa Kilian mweupe mkononi. Hakuna aliyecheka mara hii.

Tarsisi alishinda hata hivyo. Ndilo linaloniudhi. Hakuhitaji msaada wa mtu, na aliupokea. Alipomaliza alipita mbele yangu bila kunitazama. Mtu niliyempenda siku ya kwanza kwa sababu ya ukimya wake, leo nimejifunza kwamba ukimya unaweza kuwa sikio lililotegwa.

Jumapili, 14 Julai

Habari ya Maguu imefika sokoni kabla yangu. Mama alirudi na mboga, akazichambua muda mrefu, kisha akauliza kama kweli nilimwambia mtu mzima aiache kahawa ikauke. Nikasema ndiyo. Akasema Mama Restituta, Mungu amrehemu, angefurahi. Leo ni mara ya kwanza amezungumzia kazi hii bila kuguna.

Alhamisi, 25 Julai

Joakim amekuja dukani. Alizungukazunguka kwenye rangi na brashi kabla ya kusema alichojia. Anasema watu wa Maguu wamenung'unika, na ni watu wa Maguu wanaojaza kumbi. Aliniomba, kama inawezekana, niwe mlaini kidogo kwa Tarsisi kwenye nusu fainali. Si kupendelea, alisema, ila kufumba jicho kwa vitu vidogo.

Nilimwambia sijui kufumba jicho moja. Nikifumba, nafumba yote mawili na nabaki dukani, na yeye atafute mwamuzi mwingine kabla ya Agosti. Alinunua kopo la rangi asilolihitaji, akaondoka. Baada ya chakula cha mchana akanipigia simu kusema tusahau aliyoyasema. Nimesahau.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Duka limefungwa, upepo mkavu, midomo imepasuka.

Jumamosi, 10 Agosti

Nusu fainali, hapa Mbinga. Tarsisi alimshinda Mansuetus wa Kitai bila shida, Baltazar akiwa amekaa nyuma kabisa na mdomo wake umefungwa. Sina la kulalamika.

Mchezo wa pili ulikuwa Fakihi na Kilian, na kimetokea kitu ambacho bado nakitafakari. Fakihi alikuwa amejinyoosha juu ya meza, mguu mmoja umebaki chini kama inavyotakiwa, anautafuta mpira wa sita uliokuwa mbali. Mimi nilisimama upande wa pili nikiangalia kama mweupe utagusa wa sita kwanza. Uligusa, wa sita ukaingia, watu wakapiga makofi. Nilikuwa naona kila kitu halali. Fakihi akainuka, akaweka fimbo kando, akasema, "Faulo, dada. Mkono wa shati umegusa wa nane."

Sikuwa nimeona. Kilian hakuwa ameona. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyeona, na wa nane ulikuwa umesogea kwa upana wa ukucha labda. Alipoteza gemu ile. Alishinda mchezo mzima kwa shida, gemu ya mwisho, akitokwa jasho.

Nilipomrudishia funguo zake, ambazo sasa huniletea mwenyewe bila kuombwa, nilimuuliza kwa nini alisema. Alionekana kushangaa. Alisema si mimi niliyesoma siku ile kwamba ukigusa useme?

Nimemhesabu vibaya mtu huyu tangu Juni. Anaongea sana, ni kweli, lakini anasikiliza zaidi ya anavyoongea.

Jumatano, 21 Agosti

Kura imepigwa kwa ajili ya mahali pa fainali: Mbamba Bay. Joakim ameshika kichwa. Ukumbi wa Fakihi, watu wa Fakihi, na afisa michezo amesema atakuja kukaa mbele. Nimemwambia Joakim kwamba meza ina kingo nne popote inapowekwa.

Jumapili, 1 Septemba

Naandika nikiwa Mbamba Bay, kwenye baraza la nyumba ya wageni, asubuhi. Ziwa liko mbele yangu, bluu kali, upepo wa kusini umeanza kulipandisha mawimbi. Chini hapo wanawake wanaanika usipa juu ya nyavu. Ilyasi amekwenda kutafuta chai. Jana niliogopa, na naandika hivyo kwa sababu sijawahi kuogopa kwenye kazi hii.

Ukumbi ulijaa tangu adhuhuri. Watu wa Maguu walikuja na malori mawili ya kahawa yaliyofagiliwa, wakaketi upande mmoja. Upande mwingine wote, na madirishani, na mlangoni, walikuwa watu wa ziwa. Meza mpya ya zawadi ilisimama pembeni imefunikwa shuka, na wakati wowote ungeona mtu amenyanyua kona ya shuka kuchungulia. Wazee walikuja kuigusa. Fakihi aliniambia kwamba wameshatengeneza chumba cha kuiweka, wameweka sakafu ya saruji na kuzipaka rangi kuta.

Mchezo ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoyaona. Wa kwanza kufikisha gemu saba ndiye bingwa. Tarsisi alicheza kwa ukimya, na ukimya wake jana ulikuwa safi. Fakihi hakusema neno. Walipokezana hadi wakawa sita kwa sita, na joto lilikuwa limefanya kitambaa kiwe kizito, mipira inakwenda taratibu.

Gemu ya mwisho Fakihi alikosa mpira wa saba. Tarsisi akaingia, akatumbukiza wa saba, akatumbukiza wa nane, na mweupe ukasimama mahali pazuri kabisa. Ulibaki wa tisa, karibu na tundu la pembe, mpira ambao kijana yeyote wa Maguu angeuingiza. Watu wa ziwa walianza kusimama kuondoka. Tarsisi akapaka chaki. Akainama.

Mimi nilikuwa natazama mpira, lakini kwa pembe ya jicho nilimwona Fakihi kitini. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa inaizungusha fimbo, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka baada ya msiba. Vipande viwili vikaachana.

Tarsisi akapiga. Wa tisa ukagonga mdomo wa tundu, ukatikisika, ukabaki nje.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Watu wa ziwa walirudi kwa kuruka viti. Fakihi aliinua kichwa, akauona mpira umebaki, na mikono yake ikaanza kuifunga fimbo kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Akasimama, akaja mezani. Wa tisa ulikuwa mdomoni mwa tundu, unasubiri kuguswa tu.

Niliweka mkono wangu juu ya ukingo wa meza. Nikasema mchezo umekwisha, Fakihi alifungua fimbo mwenzake akiwa mezani, mshindi ni Tarsisi.

Kwanza hawakuelewa. Kisha wakaelewa. Mtu wa nyuma aliuliza tangu lini mpira unaingizwa kwa skrubu. Wengine walianza kusogea mbele, viti vya plastiki vikalia chini ya miguu yao. Afisa michezo alikuwa amesimama. Joakim alinitazama kwa macho ya kuniomba kitu asichoweza kukitaja.

Tarsisi ndiye aliyenishangaza. Alikuja karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, "Mwamuzi, mimi sikumwona akifungua. Nimekosa kwa mkono wangu mwenyewe. Mwache apige."

Watu wa ziwa wakamshangilia. Hata wa Maguu, baadhi yao, walipiga makofi. Kwa hiyo sasa nilikuwa peke yangu. Aliyeshinda hakutaka kushinda, aliyeshindwa alikuwa na fimbo mkononi, na ukumbi mzima ulikuwa na njia nzuri ya kwenda nyumbani kwa furaha isipokuwa mimi nimesimama katikati ya njia hiyo. Nakiri nilitamani kusema ndiyo. Nilimtaka Fakihi apige mpira ule. Nilitaka meza ile ibaki hapa, kwenye chumba chao kilichopakwa rangi.

Lakini nilimtazama Tarsisi, na nyuma yake nikawaona wale watu waliosogea mbele. Leo ameruhusu kwa hiari yake. Mwakani mtu mwingine atasimama hapo, kijana kama Kilian, na ukumbi kama huu utamtaka aruhusu, naye ataruhusu kwa sababu anataka kufika nyumbani mzima. Kanuni hii haikuwekwa mikononi mwa mchezaji, ili pasiwe na mtu wa kumbembeleza wala wa kumtisha.

"Tarsisi, asante," nilisema. "Ila ushindi huu si wako kuutoa. Na wewe Fakihi, siku ya kwanza nilisoma kanuni hii mbele yako. Ulikuwepo?"

Alinitazama. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa tayari ameinua kiti, amekishika mguu.

"Nilikuwepo," alisema.

Kisha akawageukia watu wake. Hakupaza sauti. Aliwaambia, kwa Kinyasa na kisha kwa Kiswahili ili watu wa Maguu nao wasikie, kwamba fimbo haikufunguliwa na mtu, ameifungua mwenyewe, kwa sababu moyoni alikuwa ameshashindwa kabla mpira haujapigwa. Akasema wa kulaumiwa ni yeye, na anayetaka kumlaumu amfuate kesho sokoni, saa za kazi. Akamwendea yule mwenye kiti, akakichukua mkononi mwake, akakiweka chini, akakikalia.

Ilichukua muda, lakini wakaanza kukaa mmoja mmoja. Wengine waliondoka wakinung'unika. Hakuna aliyepigwa.

Tarsisi alipokea meza bila kutabasamu. Wakati wanaifunga kamba kwenye lori, alinijia pembeni, akaniamkia vizuri, akaniambia kwamba kule Maguu mwezi wa saba alikuwa anasikia kila neno la kaka yake. Nikamwambia nalijua hilo. Akasema alitaka tu nilisikie kutoka kwake. Nilimpa mkono.

Jumatano, 4 Septemba

Afisa michezo ametoa kibali cha mwakani. Joakim alinipigia simu kuniambia na alikuwa anapumua kama aliyekimbia. Amesema nimeyaokoa mashindano. Nilimwambia aliyeyaokoa yuko Mbamba Bay anauza usipa, ampigie yeye.

Jumatatu, 9 Septemba

Uvumi mwingi. Wengine wanasema nilihongwa kahawa na watu wa Maguu. Mama amemjibu mwanamke mmoja sokoni kwamba sisi nyumbani hunywa chai. Nimecheka hadi machozi.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala ya Ijumaa Fakihi aliingia dukani. Sikumtegemea. Alisimama pale kwenye mabati, akamsalimia Mama kwa heshima zote, akamuuliza hali yake, kisha akaniambia anahitaji plaiwudi, gundi na skrubu. Wameamua kuirekebisha meza yao ya zamani. Chumba kipo, sakafu ipo, haina maana kubaki kitupu. Watainyoosha kwa vipande vya mbao chini ya miguu na kuibadilishia kitambaa.

Nilimtafutia vitu vyake. Hakuongea, na kimya chake kilinisumbua kuliko maneno yake, kwa hiyo nikamuuliza waziwazi kama ameninunia.

"Nilikununia," alisema. "Kwanza nilikuchukia kabisa, dada, sitakudanganya. Halafu juzi kuna mtu gengeni alikuwa anakutukana mbele ya watu. Nikaanza kukutetea. Nikaongea hadi chai yangu ikapoa. Nilipomaliza ndipo nikajua kwamba yote niliyoyasema nayaamini."

Alibeba plaiwudi begani, akashindwa kupita mlangoni, akaigeuza, akapita. Akiwa nje aliniuliza kupitia dirishani kama nitakwenda kuwachezesha siku wakimaliza kuitengeneza. Nikamwambia nitakwenda, na asipofika ndani ya robo saa mchezo unakuwa wa mpinzani. Akasema safari hii ukumbi uko karibu na kwake. Kisha akaiweka ile mbao kwenye gari, akaifunga vizuri, akateremka kuelekea ziwani.